Kura Haikumwangukia

Somo: Matendo ya Mitume 1:15–26; 1 Samweli 16:1–13



Leo nataka tumwangalie mtu ambaye ni nadra sana kuhubiriwa. Anaitwa Yusufu Barsaba, na jina lake la pili ni Yusto. Msimchanganye na yule Barsaba wa Matendo sura ya 15. Yule ni Yuda, mtu mwingine kabisa. Huyu wetu anatokea mara moja tu, pale Yerusalemu, halafu basi, hasikiki tena.

Habari yake ni fupi. Yuda Iskariote ameondoka na nafasi moja iko wazi kati ya wale kumi na wawili. Petro anasimama mbele ya watu kama 120 na kutaja sharti: anayetakiwa ni mtu aliyefuatana nao muda wote, tangu ubatizo wa Yohana hadi siku Bwana alipopaa. Wanapatikana wawili. Wanaomba, wanapiga kura, kura inamwangukia Mathiya. Barsaba je? Hakuna neno. Hatuambiwi kama alilia, kama alinuna, wala kama alimpa Mathiya mkono.

Hebu tufikirie kidogo. Huyu mtu hakukosa sifa. Alitembea vumbi lile lile na alisikia mafundisho yale yale. Hakuna dhambi yake iliyotajwa. Tena maombi yalifanywa kabla ya kura, kwa hiyo huwezi hata kusema ati kulikuwa na mkono wa mtu. Ameachwa tu. Na mimi swali langu ni la kesho yake asubuhi: mtu aliyetimiza masharti yote na asichaguliwe, kile kilichomfanya astahili anakipeleka wapi?

Hapa kwetu Hola hilo si swali la darasa la Biblia peke yake. Mnajua siku ile ya kuandikisha makurutu inavyokuwa. Vijana wanafika uwanjani alfajiri, wengine wametoka mbali kwa miguu au wamebebwa watatu kwa bodaboda moja. Wanapimwa urefu, wanaangaliwa meno, wanakimbizwa, vyeti vinakaguliwa. Wanaingia mamia, wanatoka wachache. Jioni hao wachache wanapigiwa vigelegele na mama zao, na wale wengine wanarudi nyumbani kimya, na kwa wiki nzima hutaki kuwauliza habari. Ukiongeza walimu waliomaliza chuo na wanangoja kuajiriwa mwaka baada ya mwaka, na watoto ambao basari haikuwafikia, utaona kwamba akina Barsaba wamejaa katika viti vyetu kila Jumapili. Mathiya ni mmoja mmoja.

Kosa la kwanza tunalofanya ni kudhani kwamba kuchaguliwa ni kipimo cha mtu. Kuchaguliwa ni kipimo cha nafasi. Nitawapa mfano wa mbali kidogo. Kule Marekani kuna mchezo wa besiboli, ambapo mmoja anarusha mpira mdogo mgumu kwa kasi na mwenzake anajaribu kuupiga kwa gongo. Kila mwaka timu zao kubwa 30 zinakaa na kuchagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi. Kwa miaka kadhaa hadi 2019 raundi zilikuwa 40, na mwaka huo walichaguliwa vijana zaidi ya 1,200. Mwaka 2020 korona ikaja, raundi zikapunguzwa hadi 5, wakachukuliwa 160. Sasa mchukue kijana mrushaji ambaye angechaguliwa raundi ya sita. Mkono wake ni ule ule wa mwaka uliopita, tena pengine umekomaa zaidi. Kilichobadilika ni idadi ya viti mezani. Lakini jioni ile aliambiwa nini na moyo wake? Aliambiwa kwamba yeye si kitu.

Wachaguaji nao huona kile walichokuja kutafuta. Samweli, nabii mzima, aliingia nyumbani kwa Yese akamwona Eliabu, mrefu na mzuri wa sura, akadhani kazi imekwisha. Wana saba wakapita mbele yake. Wa nane alikuwa malishoni na hakuna aliyefikiria kumwita, hata baba yake mzazi. Si kwamba Yese alimchukia mwanawe. Kwa mtu anayetafuta mfalme, kijana anayenuka kondoo haingii kwenye hesabu.

Hapo ndipo namkumbuka Julius Yego.

Wengi mnamjua kama bingwa. Mimi nataka tukae na miaka ile ya kabla hajajulikana, maana ndiyo inayofanana na yetu. Yego alizaliwa tarehe 4 Januari 1989, huko Cheptonon, Nandi. Sasa jamani, Nandi! Kuzaliwa Nandi na kutaka riadha ni kama kuzaliwa kando ya Mto Tana na kutaka kula samaki. Lakini riadha inayotafutwa kule ni mbio. Makocha ni wa mbio, kambi ni za mbio, na mtu akija kutoka nje kutafuta vipaji anatazama miguu na mapafu. Kipawa cha Yego kilikuwa kwenye mkono. Alipenda kurusha. Alianza kwa fimbo za kuchonga kwa mkono, kama vile watoto wetu wachungaji wanavyorushiana fimbo nyuma ya ng'ombe. Tofauti ni kwamba yeye hakuacha.

Na mkuki wa mashindano si kitu cha mchezo. Wa wanaume una uzito wa gramu 800 na urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu. Ukiutupa kwa nguvu ya bega peke yake utaumia, na hautafika mbali. Mrushaji anakimbia, anabadilisha hatua na kwenda kwa ubavu, anakita mguu wa mbele kama kigingi, na nguvu inapanda kutoka ardhini hadi nyonga, hadi kifua, hadi bega. Mkono unakuja mwisho kabisa. Ukikosea hatua moja pale chini, mkuki unayumba kule juu. Kazi ya namna hiyo inahitaji mtu wa kukusimamia na kukuambia hapa umekosea. Yego hakuwa naye.

Basi mwaka 2009 akaanza kwenda saiba. Enzi zile mnazikumbuka: unalipia kwa dakika, na video inakwama katikati, unaitazama ile duara ikizunguka huku dakika zako zinaisha. Akawa anafungua YouTube na kuwatazama warushaji wakubwa, Jan Železný wa Jamhuri ya Cheki, mwenye rekodi ya dunia ya mita 98.48 tangu 1996, na Andreas Thorkildsen wa Norwe, bingwa wa Olimpiki wa 2004 na 2008. Anatazama, anatoka, anaenda kujaribu, anarudi. Ndiyo maana baadaye wakampa jina la mtu wa YouTube.

Watu husimulia jambo hili kama kichekesho. Mimi naona kuna unyenyekevu mkubwa ndani yake. Aliyeachwa mara nyingi hujifunga katika mambo mawili: ama kujihurumia, ama kiburi cha kusema hawanijui mimi. Huyu alikubali kuwa mwanafunzi wa watu wasiojua kama yupo duniani. Alikubali kwamba kuachwa hakumaanishi anajua tayari. Kutokuchaguliwa ni jambo moja, na kutokuwa tayari ni jambo lingine, na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja. Ukimwambia kijana aliyerudi kutoka uwanjani kwamba wale wachaguaji ni vipofu, umempa faraja ya jioni moja. Kesho atahitaji mtu wa kumwambia kwamba mguu wake wa mbele unalegea.

Mengine yalikuja polepole. Mwaka 2010 alipata shaba katika mashindano ya Afrika jijini Nairobi. Mwaka 2011 akashinda dhahabu katika Michezo ya Afrika huko Maputo kwa mita 78.34. Baada ya hapo ndipo alipopata ufadhili wa shirikisho la kimataifa la riadha, akaenda Kuortane, Finland, kwenye theluji, kufundishwa na kocha Petteri Piironen. Angalieni mpangilio: mwalimu alikuja baada ya miaka ya kujifundisha, akakuta kitu cha kufundisha.

London 2012 alifika fainali ya Olimpiki, akawa wa 12. Moscow 2013 alirusha mita 85.40 na alikuwa ameshika nafasi ya shaba hadi raundi ya mwisho, ndipo Mrusi Dmitriy Tarabin akampita mbele ya watu wa kwao. Akarudi nyumbani wa nne, mikono mitupu. Mwaka 2014 huko Glasgow, dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Kisha tarehe 26 Agosti 2015, Beijing, kwenye jaribio la tatu, mita 92.72. Bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kushinda taji hilo katika mchezo usio wa mbio. Rio 2016 alirusha mita 88.24 mara ya kwanza, akaumia kifundo cha mguu, na mrusho ule mmoja ukatosha kwa fedha ya Olimpiki.

Haleluya. Lakini hapa naomba tusimame, kwa sababu hapa ndipo wahubiri wengi tunapoteleza.

Ni rahisi kusema: mmeona? Yeye aliachwa na akawa bingwa, nawe umeachwa, basi pokea, jiandae, ubingwa unakuja. Watu watasimama, watapiga makofi, na itakuwa si kweli. Kuachwa hakuthibitishi kwamba wewe ni bingwa aliyefichwa. Vijana wangapi walitazama video zile zile, wakachonga fimbo zile zile, na mpaka leo hakuna anayewajua? Hatuwajui kwa sababu hakuna anayeandika habari zao. Tunamsimulia mmoja kwa kuwa alifika, halafu tunafanya kana kwamba barabara yake ina mwisho mmoja tu. Kama thamani ya kipawa chake ilitoka Beijing, basi mwaka 2009 pale saiba alikuwa mpumbavu anayepoteza shilingi zake, na akageuka kuwa na hekima siku aliyorusha 92.72. Hiyo haiwezekani. Kama kulikuwa na wema katika kile alichokifanya pale saiba, ulikuwepo siku ile ile, hata kama mkuki usingefika popote.

Mtu atauliza, na ni haki yake kuuliza: sasa niendelee hadi lini? Nina watoto. Siwezi kukaa miaka sita nikirusha fimbo huku ugali haupo. Ni swali zito na silijibu kwa mstari mmoja. Kuna mwanamume aliyejaribu kuandikishwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, umri ukapita, akaenda kulima kwenye skimu. Je, amezika talanta yake kama yule mtumishi wa Mathayo 25? Mimi nasema hapana. Someni vizuri sababu ya yule mtumishi: aliogopa, na alimwona bwana wake kuwa mtu mgumu. Alichimba shimo kwa hofu. Anayeacha mlango mmoja ili watoto wale hajachimba shimo lolote. Nguvu zile zile, nidhamu ile ile ya kuamka alfajiri, sasa ziko kwenye mfereji wa maji na miche ya mahindi. Lakini yuko mwingine, na tunamjua pia, ambaye tangu aachwe hajashika kitu. Amekaa chini ya mwembe miaka minne akiwasema waliochaguliwa. Huyu, kwa upole, tumwambie kwamba koleo liko mkononi mwake.

Na Barsaba? Biblia haimtaji kwa jina tena, lakini geuza ukurasa mmoja. Siku ya Pentekoste walikuwa wote mahali pamoja, na zile ndimi kama za moto zikakaa juu ya kila mmoja wao. Sioni sababu ya kufikiri kwamba Barsaba alikuwa amesusia na kurudi kwao. Kama alikuwepo, moto haukumruka eti kwa sababu kura ilimruka. Ila zingatieni hili: ilimbidi awe bado yupo chumbani.

Sasa nigeuke kwa sisi tunaochagua. Maana tunapenda kuzungumza na walioachwa, tunasahau kwamba mara nyingi mwenye daftari ni mimi na wewe. Sisi ndio tunaosema nani aimbe, nani aongoze vijana, mtoto yupi achangiwe karo.

Majirani zetu Waganda wana habari moja katika mchezo huo huo wa besiboli. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilishinda nafasi ya kwenda Marekani kwenye mashindano makubwa ya watoto. Walishinda uwanjani, wakanyimwa viza kwa sababu ya utata wa karatasi za kuzaliwa. Watu wa Tana River hawahitaji kuelezwa zaidi. Kijana aliyekwenda kutafuta kitambulisho na kuambiwa arudi na babu yake anajua jinsi karatasi inavyoweza kukuondoa kwenye mchezo ulioushinda. Lakini sikilizeni kilichofuata. Timu ya watoto kutoka Langley, Kanada, ambayo ingecheza na wale Waganda, haikutosheka na nafasi yake. Januari 2012 walisafiri hadi Uganda, wakacheza mechi ile ambayo haikuchezwa, na Waganda wakashinda. Mwaka ule ule timu nyingine ya Uganda, ya Lugazi, ikapata viza na kwenda, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, wote warushaji, wakasajiliwa na timu ya Dodgers ya Los Angeles.

Mimi kinachonigusa zaidi ni wale watoto wa Kanada na wazazi wao. Hawakuwa wamemdhulumu mtu. Sheria ilikuwa upande wao, wangeweza kusema ni mapenzi ya Mungu na kulala. Badala yake waliona kwamba aliyechaguliwa ana deni kwa aliyeachwa, hata kama si yeye aliyemwacha. Sijui kama Mathiya alimtafuta Barsaba baada ya ile kura. Ningependa kuamini alimtafuta.

Na kumbukeni wimbo wetu wa taifa. Tuni yake ilitoka kwa bembelezi la Wapokomo, mama akimtuliza mtoto kando ya mto huu huu. Ilipotakiwa nyimbo ya taifa kuelekea uhuru mwaka 1963, waliopewa kazi hiyo walisikiliza hata yale yaliyoimbwa jikoni na chini ya miembe, si yale ya makanisa makubwa na bendi peke yake. Mama wa kwanza aliyeiimba hakuwa anashindania kitu. Mtoto alikuwa analia, basi.

Kwa hiyo wazee wa kanisa, viongozi wa vijana, nina ombi moja la wiki hii, na si la sadaka. Watakapokuja tena kuandikisha, tunajua jinsi ya kuwaombea vijana wetu asubuhi. Tunawawekea mikono na kuwapaka mafuta. Jioni hatupo. Nani atakuwa pale langoni saa kumi na moja wanapotoka wale mia tatu? Awe na maji na mandazi, na asiwe na mahubiri. Kesho yake mtu mmoja mwenye simu nzuri na bando akae na kila anayetaka, waangalie pamoja: kozi za chuo cha ufundi, leseni ya udereva, namna ya kupandikiza maembe, hata kurusha mkuki kama yupo anayeutaka. Yego aliyatafuta hayo peke yake, akilipia dakika. Wetu wasilazimike kulipia wakati nyumba ya Mungu ina soketi nne na benchi tupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Majina ya watakaosimama langoni yaandikishwe kwa katibu kabla ya ibada ya Jumatano.